Filingi ya mbele imegeuka njano na unavuta: kupolishi upya, kubadilisha, au kuhamia dawa nyingine?

Swali linalokuja sana kutoka kwa wavutaji ni hili: filingi ya jino la mbele, ile dawa inayozibia tundu, ilipowekwa ilikuwa inafanana kabisa na jino, sasa imekuwa njano inaelekea kahawia, je niitoe niweke mpya? Na wengi wakifika kwenye kiti wameshaamua, hawaulizi tena, wanataka itolewe leo leo. Mimi kazi yangu ni hii ya meno na jibu nalitoa hapa mwanzoni ili asiye na muda aondoke nalo: kama filingi imekaa imara, haijavunjika na pembezoni haijaachia, ipolishiwe kwanza, tena kwa hatua zote, kubadilisha kuje mwisho kabisa. Na kama bado hujaziba na unavuta, jinsi daktari atakavyoumalizia ule uso wa juu kuna uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye kasha la dawa.

Sasa tuelezane kwanini, maana hapa kuna maamuzi kadhaa ambayo watu wanayachanganya.

Moshi unashika wapi

Kompoziti, hii filingi ya rangi ya jino inayogandishwa kwa taa ya bluu, ndani ina vitu viwili vikubwa, rezini ambayo ni plastiki, na chembe ndogo sana za kioo au silika zilizokorogwa humo. Jino lako halina plastiki. Lami ya tumbaku inanata kwenye vyote viwili ila kwenye plastiki inapata na njia ya kuzama kidogo kidogo, ndio maana ukimwangalia mvutaji mwenye filingi ya mbele akicheka utaona jino limebadilika kiasi na filingi imebadilika zaidi, inaonekana yenyewe kabisa kama kiraka.

Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000 lakini kwenye habari ya rangi tuangalie nikotini na hiyo lami. Nikotini peke yake haina rangi, ikikutana na oksijeni ndio inageuka njano. Lami ndio ile ya kahawia nyeusi, na punje zake kwenye moshi nyingi ni ndogo kuliko mikroni moja (sehemu moja ya elfu ya milimita), kwahiyo mkwaruzo wowote ulioachwa juu ya filingi unatosha kuzihifadhi, mswaki unapita juu tu haufiki chini.

Doa linaweza kuwa sehemu tatu na naomba hii uishike vizuri kwasababu uamuzi wote unaanzia hapa. Linaweza kuwa limekaa juu tu ya uso. Linaweza kuwa limezama ndani ya plastiki, sio mbali sana. Au linaweza kuwa pembezoni, ule mstari mwembamba wa kahawia pale filingi inapokutana na jino. La juu polishi inalitoa. Lililozama polishi inalitoa kwa kuondoa tabaka jembamba, inategemea limeshuka kiasi gani. La pembezoni ndio linaweza kukudanganya, nitarudi kwake.

Filingi iliyopolishiwa na isiyopolishiwa, mdomo uleule

Daktari akimaliza kuumba filingi anaipiga taa, kawaida sekunde 20 hivi kwa kila tabaka la milimita 2. Tabaka la juu kabisa linalogusa hewa haligandi vizuri, oksijeni inalizuia, linabaki linanata nata. Hilo likiachwa bila kuondolewa, mvutaji anaanza kulijaza rangi siku ileile.

Kuna wakati daktari anabana uso kwa ule ukanda mwembamba wa plastiki kabla ya kupiga taa, hapo inatoka laini kuliko polishi yoyote ile, inang'aa kweli kweli, na mgonjwa akipitisha ulimi anasema hapa sitaki uguse tena. Namuelewa, lakini ule ulaini wa juu karibu wote ni rezini tupu, chembe za kioo zimebaki chini yake, na rezini tupu ndio inayochakaa haraka na ndio inayofyonza rangi. Kwahiyo hata hiyo inayoonekana imekamilika bado inatakiwa ipunguzwe juu na ipolishiwe. Kwa asiyevuta na asiyekunywa kahawa anaweza kukaa muda mrefu bila kugundua chochote, kwa anayevuta kila siku tofauti inaonekana mapema.

Sasa namba. Mkwaruzo wa uso unapimwa kwa mikroni, na kiwango kinachotumika sana kwenye fani yetu ni mikroni 0.2. Chini ya hapo, kulainisha zaidi hakupunguzi tena bakteria wanaoshika, juu ya hapo utando wa bakteria unashika kwa wingi zaidi. Ulimi wa binadamu unaanza kuhisi mkwaruzo ukikaribia nusu ya mikroni. Maana yake ni kwamba ukisikia filingi inakwaruza ulimi, imeshazidi hicho kiwango mara mbili na zaidi, usisubiri mpaka ibadilike rangi ndio urudi, na usikubali kuambiwa utazoea.

Na hili sio la urembo tu. Mvutaji ana tatizo ambalo mwenzake hana, nikotini inabana mishipa midogo ya damu kwenye fizi, fizi zake zikiwa zinaumwa hazitoi damu kama za mwingine, kwahiyo hapati ile alama ya kumshtua wakati wa kupiga mswaki. Weka hapo filingi yenye uso mbaya karibu na fizi, utando unakaa, unageuka ugaga, fizi inaumia kimya kimya na mtu anakuja amechelewa. Nikikuta filingi iko karibu na fizi na mwenye nayo anavuta, mimi kwenye polishi siwezi kukubali haraka haraka.

Diski za hatua kwa hatua, au kipira cha hatua moja

Hapa ndipo kliniki zinatofautiana sana na mgonjwa hajui hata kama kuna tofauti.

Diski ni vile viduara vidogo vyembamba vyenye unga wa aluminiamu oksaidi, vinafungwa kwenye drili ya mwendo mdogo, mfano unaojulikana ni Sof-Lex za 3M, zinakuja kwa mpangilio kuanzia ngumu, ya kati, laini, mpaka laini sana ambayo punje zake ni chini ya mikroni 10. Mtu aliyewahi kumuona fundi bodi akiandaa gari kwa rangi anaijua kazi hii, msasa namba mbaya kwanza halafu unapanda namba taratibu, na ukiruka namba moja, mikwaruzo ya ile ya mwanzo inabaki na inakuja kuonekana baadaye rangi ikikauka. Kwenye jino ni hivyohivyo, kila diski kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya iliyotangulia, daktari akitoka ya ngumu akarukia ya mwisho filingi itang'aa ukiwa pale kwenye kiti ina mate, ikikauka utaona mistari, na ndani ya hiyo mistari ndio lami itakaa.

Vipira vya hatua moja ni vile vya silikoni au rezini vilivyochanganywa na vumbi la almasi, unapita navyo mara moja umemaliza. Vinaokoa muda, vinafika kwenye mashimo na mikunjo ya magego ambako diski bapa haiingii, na vile vizuri vyenye almasi vinatoa uso mzuri tu kama kabla yake umbo lilishatengenezwa vizuri. Shida ni kwamba watu wanavitumia kufuta mikwaruzo ya kichwa cha almasi cha drili kikali, havina uwezo huo, vinasugua vilele tu na mabonde yanabaki.

Kwahiyo ukiniuliza nichague: jino la mbele, uso bapa, unavuta, nataka diski zote kwa mpangilio na mwisho pesti ya almasi kwa kitambaa au brashi laini. Gego lenye mabonde, kipira kizuri kinatosha na sioni sababu ya kulipia zaidi. Katikati ya meno mawili ni ukanda wa msasa, wembamba, na hapo ndipo panasahaulika kuliko kote, wavutaji wengi doa lao la kwanza linaanzia hapo katikati wala sio usoni.

Kitu kingine ni mkono wa mtu. Diski ikikandamizwa kavu bila maji kwa muda mrefu inatoa joto, joto linasumbua kiini cha jino na linapaka rezini juu ya uso badala ya kuukata vizuri. Ukisikia jino linachemka wakati wa polishi inua mkono, sema, una haki hiyo.

Aina ya kompoziti nayo ina nafasi yake

Chembe za kioo zikiwa kubwa, zikichomoka zinaacha shimo kubwa. Kompoziti za mchanganyiko kama Filtek Z250 zina chembe za wastani wa mikroni 0.6 hivi, za nano kama Z350 zina chembe za msingi za silika za nanomita 20 (nanomita elfu moja ni mikroni moja) zilizokusanywa kwenye mafungu. Za nano zinapokea mng'ao vizuri na zinautunza mng'ao muda mrefu zaidi, kwa jino la mbele la mvutaji ningeenda huko kama uwezo upo. Lakini narudia nilichosema mwanzo, nano iliyopolishiwa vibaya itashindwa na ya kawaida iliyopolishiwa kwa utulivu, na nimeona watu wanalipia jina la dawa halafu dakika za mwisho kazi inamaliziwa mbio mbio kwasababu foleni nje ni ndefu. Bora uulize kuhusu hizo dakika za mwisho.

Kusafisha meno sio kupolishi filingi

Hii inaniuma kwasababu mtu anatoa hela yake kwa nia nzuri. Anasema filingi yangu ina rangi, anaenda kusafisha meno, anasuguliwa na pesti ya kawaida ya kusafishia yenye unga wa pamisi, lile jiwe la volkano, doa linatoka, anafurahi, baada ya muda mfupi rangi imerudi na imerudi nzito zaidi. Kilichotokea ni kwamba ile pesti ya punje kubwa kwenye enameli, tabaka gumu la nje la jino, haina neno sana, kwenye kompoziti inakwaruza. Mashine ya kurusha unga wa sodiamu baikabonati hivyohivyo, inatoa madoa ya sigara kwenye jino vizuri mno ila juu ya kompoziti inaacha uso mbaya, unga wa glaisini au erithritoli ni mpole zaidi. Na ncha ya chuma ya mashine ya kutoa ugaga ikipita juu ya filingi inaweza kuichana.

Kwahiyo weka hizi mbili pembeni kwa pembeni. Kusafisha ni kwa ajili ya meno na fizi, mvutaji anaihitaji na namsihi asiikose, lakini filingi ikishaguswa na hivyo vifaa lazima imaliziwe na diski laini au kipira au pesti nyepesi. Ukienda waambie mapema, nina filingi meno haya na haya, kwasababu nzuri ikiwa bado inafanana na jino hata anayesafisha anaweza asiione.

Nyumbani nako, zile dawa za meno za mkaa na za kung'arisha, na wale wa limao na magadi. Mkaa na dawa kali zinasugua, limao ni tindikali linalainisha enameli, kwa filingi huna unachopata hapo zaidi ya uso unaoshika moshi kirahisi kuliko jana. Dawa ya kawaida yenye floraidi na mswaki laini, basi.

Sasa: kupolishi upya au kubadilisha

Tuanze na kupolishi upya. Hauhitaji ganzi mara nyingi, hakuna kutoboa, dakika chache kwa jino moja, gharama ni ndogo ukilinganisha na kuziba upya, na jino lako linabaki lilivyo. Doa la juu linaondoka lote na lililozama kidogo linaondoka pia maana unashusha uso kidogo sana. Kinachoweza kukukatisha tamaa ni kama rezini imebadilika rangi kwa ndani kabisa, hiyo inatokea kwa umri au kwa sababu haikupigwa taa vya kutosha mwanzoni, hapo utapolishi itang'aa lakini itang'aa ikiwa njano. Na ukweli mwingine, kila polishi inakula kidogo, huwezi kurudia bila mwisho, ncha ya jino la mbele inaweza kuanza kupoteza umbo.

Kubadilisha kunaleta rangi mpya, hilo halina ubishi. Lakini kutoa kompoziti ya zamani ni kazi ngumu kwasababu ya sifa yake ileile, inafanana na jino, daktari anachimba na hawezi kuona kwa uhakika filingi inaishia wapi, kwahiyo karibu kila mara tundu linatoka kubwa kuliko lilivyokuwa. Filingi kubwa inayofuata ina pembezo ndefu zaidi za kuvujia, baada ya miaka inabadilishwa tena, tundu linakua tena, mwisho unasogelea kiini na mtu anaishia kutibiwa mzizi au kuvishwa kofia kwa jino ambalo lilianza na tundu dogo. Hata FDI, shirikisho la madaktari wa meno duniani, linahimiza kurekebisha filingi pale inapowezekana kuliko kuitoa yote. Na jambo ambalo mvutaji anatakiwa alisikie waziwazi ni kwamba filingi mpya ndani ya mdomo uleule wenye moshi uleule inaanza safari ileile, hujanunua kinga, umenunua rangi ya leo.

Katikati kuna chaguo la tatu ambalo watu hawaliulizi, kukwangua sehemu ya juu tu au kile kipande kibovu na kuongezea kompoziti mpya juu yake, halafu kupolishi zote kwa pamoja. Kwa filingi ya mbele yenye doa lililozama ila mwili wake ni imara hili linafaa sana, na unaokoa jino.

Ule mstari wa kahawia wa pembezoni sasa. Mvutaji akiuona kwenye kioo anaogopa limeoza. Inaweza kuwa ni rangi tu imeingia kwenye mwanya mdogo pale juu, polishi inausafisha na unaisha. Inaweza kuwa filingi imeachia na uozo unaendelea chini. Kwa macho peke yake huwezi kuzitenganisha, daktari atakausha jino kwa upepo, ataangalia kwa mwanga, atagusa, na pengine picha ya eksirei. Dalili zinazonifanya nifikirie kubadilisha au kurekebisha ni kifaa kuingia kwenye mwanya, jino kuwa laini pembeni, kivuli cha kijivu kinachoonekana kupitia enameli, chakula kukwama kila mara, au jino kushtuka na baridi wakati mwanzo halikuwa hivyo. Bila dalili hizo na mstari ni rangi tu, naanza na diski.

Kuhamia dawa nyingine kabisa

Wengine wanauliza kuna filingi isiyoshika moshi? Poseleni, ile ya kauri, inakaribia. Uso wake uliochomwa ukawa kama kioo haufyonzi lami, doa linakaa juu na linasafishika. Ila lazima jino likatwe, bei iko juu sana, na daktari akiisaga kidogo ili uweze kuuma vizuri halafu asiipolishi pale aliposaga, hapo panakuwa pabaya na panashika kama kompoziti au zaidi.

Glasi ayonoma, ile ambayo watu wengi wanaiita simenti, imetokana na kazi ya watafiti Wilson na Kent wa Uingereza iliyochapishwa 1972, na hapa kwetu ina historia ya kujivunia kwasababu ile njia ya kuziba bila drili, kwa vifaa vya mkono na simenti hiyo, ilianza Tanzania katikati ya miaka ya 1980, daktari wa meno Jo Frencken akiwa Dar es Salaam, halafu ikasambaa duniani. Inatoa floraidi, inashika bila mambo mengi, kwa magego ya watoto na kwa maeneo yasiyo na umeme ni msaada mkubwa sana. Lakini kwa jino la mbele la mvutaji siishauri kama filingi ya kudumu, uso wake haupokei polishi kama kompoziti, una vitundu vya hewa vya kukoroga, na unashika rangi. Ukiwa nayo tayari hakikisha ilipakwa vanishi mwanzoni maana siku ya kwanza maji yanaiharibu, na polishi yake ya mwisho ya zile za kawaida inasubiri angalau saa 24.

Amalgamu, ya rangi ya fedha, moshi hauiathiri kiasi cha kujadili rangi kwasababu yenyewe inakuwa nyeusi. Nayo inapolishiwa, kwa kawaida baada ya saa 24. Ila karibu nusu yake ni zebaki na dunia inaiondoa, Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, uliweka hatua za kuipunguza na Umoja wa Ulaya umeizuia kuanzia Januari 2025 isipokuwa kwa sababu maalum za kitabibu. Kwahiyo mtu asikubadilishie kompoziti nzuri akuwekee hiyo eti kwasababu unavuta.

Sigara, shisha, vepu

Kwa upande wa rangi ya filingi tu, sigara ya kawaida ndio mbaya kuliko zote kwasababu tumbaku inaungua, ncha inafika nyuzi 900 hivi ukivuta na lami inatengenezwa kwa wingi. Vile vifaa vya kupasha tumbaku bila kuichoma, karibu nyuzi 350, vinaacha rangi kidogo kuliko sigara. Vepu, yaani sigara ya kielektroniki, haina lami ya kuungua, rangi yake kwenye kompoziti ni ndogo kuliko ya sigara, ila ule mvuke wa gliserini na ladha za sukari sukari unanata, na nikotini ipo palepale na fizi zinabanwa vilevile. Shisha watu wanadhani maji yanachuja, hayachuji lami kwa namna ya kukusaidia, na kikao kimoja kinaweza kwenda saa nzima mdomo uko kwenye moshi. Ugoro na tambuu sio moshi lakini rangi yake kwenye pembezo za filingi ni kali mno, wa pwani wanaijua.

Siwezi kukushauri uhamie vepu kwa ajili ya filingi. Kupunguza sigara zenyewe ndio kunaonekana kwenye jino, na kuacha ndio polishi inadumu.

Halafu moshi ukichanganyika na kahawa, chai ya rangi na pombe kali mambo yanazidi, alkoholi inalainisha rezini na baada ya hapo rangi inaingia kirahisi. Dawa ya kusukutua yenye alkoholi nayo iko kwenye kundi hilo, kuna zisizo na alkoholi, chukua hizo.

Kwa ndugu zetu wa Arusha, Manyara na bonde lote la ufa

Nimeona niwatenge kwasababu hali yao ni tofauti. Maji ya maeneo mengi huko yana floraidi nyingi, juu ya kile kiwango cha WHO cha miligramu 1.5 kwa lita, na meno yanatoka na madoa ya kahawia tangu utotoni. Hayo hayatokani na sigara na polishi haiyatoi, yako ndani ya enameli. Wengi wanafunikiwa uso mzima wa jino kwa kompoziti, meno manne au sita ya mbele kwa pamoja, inapendeza sana. Sasa mtu huyo akiwa anavuta eneo la plastiki lililo wazi kwa moshi ni uso mzima, sio kijitundu. Kwake yeye diski zote nne ni lazima, kompoziti ya nano ina maana zaidi kuliko kwa mwingine yeyote, na kurudi kupolishiwa kila baada ya miezi sita hivi aliweke kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, hilo daktari amwambie kabla hajaanza kazi.

Ukienda kliniki

Kama unataka pia kuyafanya meno meupe kwa peroksaidi, anza na hayo kabla ya kuziba, kwasababu peroksaidi inang'arisha jino na haiing'arishi filingi, ukifanya kinyume utabaki na filingi nyeusi kuliko jirani zake. Ukimaliza kung'arisha subiri kama wiki mbili ndio uzibe, oksijeni iliyobaki ndani ya jino inapunguza kushika.

Kwa filingi iliyopo mwambie hivi tu: naomba uangalie kama iko imara, kama iko imara nipolishie kwanza tuone rangi inarudi kiasi gani. Muulize anatumia diski za hatua ngapi. Akimaliza omba aikaushe kwa upepo uiangalie kwenye kioo ikiwa kavu, halafu pitisha ulimi taratibu kutoka kwenye jino kwenda kwenye filingi na kurudi, usisikie ngazi kati yake. Pitisha na uzi wa meno katikati, ukichanika au ukikwama arudie hapo hapo.

Kama ni filingi mpya, kompoziti inaendelea kuganda kwa saa 24 hivi baada ya taa, kwahiyo usivute siku hiyo na ukiweza na ya pili yake, kahawa na chai ya rangi pia viache. Kuna madaktari wanapaka rezini nyepesi ya kuziba vijinyufa baada ya polishi, ni nzuri, inafutika baada ya miezi, ikubali kama nyongeza ila isiwe badala ya diski.

Na ukishapolishiwa piga picha kwa simu mwanga wa dirishani, meno makavu, halafu baada ya miezi mitatu piga nyingine mahali palepale. Ukiona rangi imerudi yote kwa kipindi hicho kifupi mpelekee daktari picha zote mbili, hapo mtajua kama ni uso haukumaliziwa vizuri, au ni rezini ya ndani, au ni idadi ya sigara.